Hongera, wakimbiaji wa alfajiri

Pongezi zisiishie kwa wenye medali. Wapo wakimbiaji wa ridhaa wa Shinyanga, Kahama na Geita: walimu, wauguzi, bodaboda, na wachimbaji waliotoka zamu ya usiku. Wanaingia barabarani kabla jua la Usukumani halijawa kali na malori hayajaanza kutimua vumbi.

Kinachonivutia zaidi ni taarifa wanazopeana kila siku kwa simu. "Leo kilomita nane, goti limetulia." Jibu halichelewi: "Hongera dada. Kesho pumzika, usiongeze umbali kwa pupa." Wazoefu wanawaonya wageni: usivae viatu vipya siku ya mashindano, punguza mazoezi wiki mbili za mwisho, usianze kwa kasi ya jirani. Ushauri ni wa bure, lakini kilomita 42.195 za marathoni hazidanganyiki.

Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipa Tanzania ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo, kwa saa 2:09:48. Kasi yake wachache wataifikia. Nidhamu yake kila mtu anaiweza.

Halmashauri, wawekeeni taa na njia za pembeni. Nawe dereva, ukiwakuta alfajiri, punguza mwendo.