Jim Reeves Kwenye Boma la Ng'ombe

Kamati ilinipa kazi ya kutafuta bendi kwa sababu moja tu: mimi ndiye huandika mambo ya muziki. Kana kwamba kujua wimbo mbaya ni sawa na kujua bei ya jenereta. Baba wa rafiki yangu alikuwa anastaafu baada ya kuchunga, halafu kusimamia, ng'ombe wa wenyewe kwenye ranchi moja upande wa Rongai. Wanawe walitaka kumfanyia sherehe nyumbani, huko ndani ukishaacha lami ya barabara ya Ravine.

Hapa Kiamunyi ukisema unatafuta bendi, utatumiwa namba tano za simu kabla chai haijapoa, na nne kati yake ni za gita la mtu mmoja. Sina ugomvi na gita la mtu mmoja. Mugithi maana yake ni garimoshi, na mpigaji mzuri anaweza kuinua hema zima, watu wakashikana mabega kama mabehewa, hata wale walioapa kwamba magoti yanauma. Lakini siku hizi nyuma ya gita kuna mdundo uliorekodiwa zamani. Haukosei, hauchoki, na haumsikilizi mtu. Kwenye baa hiyo si shida. Shambani, shangazi huinuka katikati ya wimbo kutangaza kwamba ametoa mbuzi, na mashine haijui kumngoja. Nikang'ang'ania bendi ya watu watano. Kamati ikaguna, maana watano wanasafirishwa, watano wanakula.

Mzee mwenyewe alikuwa na ombi moja: "Wanipigie Jim Reeves."

Msicheke. Mtu huyo alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964 na bado anaamsha watu Jumapili asubuhi katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa. Vijana huona ni kasumba ya walowezi, nyimbo zilizoachwa pamoja na nyaya za ua na majosho ya ng'ombe. Niliwahi kuandika hivyo mimi mwenyewe. Siku hizi naona nilikuwa mvivu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, Kericho, na mashine yake ya kurekodi, akakuta Wakipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Huyo Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika kwa sahani za santuri. Wasichana waliomsikia walimfanya kiumbe nusu mtu nusu swara, wakamwita aje acheze nao, kwa mdundo wa zeze lao wenyewe. Hapo hakuna kuiga. Mgeni amepewa jina, miguu ya mnyama na mwaliko. Kwa hivyo mtu akiniambia kantri si yetu, namuuliza: tangu lini?

Sasa bendi yenyewe. Saa ya kwanza ilikuwa vibaya, tusidanganyane. Mtu wa mitambo alielekeza spika moja kwenye zizi, ndama wakaanza kulia, na mwimbaji akaimba juu yao kana kwamba wanashindana. Jim Reeves haimbwi hivyo. Sauti yake inakaa chini, karibu na sikio, kama mtu anayekuomba radhi. Kijana wetu alikuwa anatangaza mnada. Aliyeokoa jambo ni mpiga gita. Hakuwa na gita la kuteleza la Wamarekani, akachukua chupa ya soda, akaipitisha kwenye nyuzi, na ghafla ule mlio wa kuvutwa ukapita juu ya mabati. Mzee aliacha kutafuna.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliambia kamati. Nilipofunga mkataba nilimwambia kiongozi wa bendi: nyimbo za kantri, rumba kidogo, za kanisa, mugithi mmoja wa kuchezea. Zenye mafumbo, hapana. Nyumba ile ni ya Wakalenjin, majirani wengi ni Wakikuyu, na hakuna mtu mzima hapo asiyekumbuka alilala wapi Januari 2008. Wimbo mmoja wa lugha ya mama, wenye neno moja la pembeni, unaweza kuondoa watu kwenye viti. Nadhani hii ndiyo sababu nyingine kantri inapendwa huku kwetu: haina kijiji. Mtu akiililia, hakuna anayeuliza analilia upande gani.

Lakini tahadhari yangu ilikuwa na bei. Mugithi ulipigwa, garimoshi likazunguka hema mara tatu, wenyeji na majirani pamoja, hakuna aliyekufa. Ndipo kogo mmoja, mama yake mwenye sherehe, akamtuma mjukuu aombe wimbo wa Kikalenjin. Bendi haikuwa na hata mmoja. Bendi ya Nakuru! Wanajua za Kikongo, za Kijamaika, za Tennessee, na za watu wanaouziana nao mahindi hawazijui. Kiongozi akanitazama. Kwenye orodha yangu hazikuwepo, na mimi ndiye niliyeiandika.

Kogo hakungoja tuombe msamaha. Alianza mwenyewe, ameketi, na wamama wanne wakamjibu. Mpiga ngoma akajaribu kuingia na mdundo wa rumba; akanyamaza, vizuri sana. Gita likatafuta na kukosa. Aliyefika ni yule wa besi, kijana ambaye jioni nzima sikuwa nimemwangalia. Aliinamisha kichwa, akasikiliza mizunguko miwili, akaweka noti moja chini ya sauti za wale wamama, kisha ya pili, na akabaki na hizo mbili tu. Hakuongeza pambo. Ulikuwa upigaji bora niliousikia mwaka huo, na hakuna mtu aliyekuwa amewasha simu kuurekodi.

Usiku, tukimalizia hesabu kando ya gari, kiongozi alikuwa anahesabu pesa zilizobaki. Kijana wa besi alinivuta pembeni akauliza kama kogo bado yuko macho. Alitaka kujua wimbo ule unaitwaje.