Bei Hutajwa Mwisho

Muuzaji hodari wa samaki aitwaye mukeke pale Gitaza, Burundi, akiulizwa "Mama, bei gani?" hataji bei. Humwinua samaki, akafungua shavu lake kwa kidole gumba ili mteja aone wekundu wa ndani, kisha akambonyeza ubavuni na nyama ikarudi mahali pake. Jicho la samaki ni angavu, halijaingia ndani. Mpaka hapo hajatamka neno moja kuhusu pesa, na mauzo yamekwisha fika nusu.

Naupenda ufundi huu kwa sababu hautegemei mdomo. Tumezoea kudhani muuzaji bora ni msemaji, mtu wa kumzungusha mwenzake kwa maneno matamu hadi afungue pochi bila kujijua. Semina nyingi za ushawishi na mauzo zinaufundisha mdomo huo huo. Ukisimama kando ya beseni la samaki utaona mpangilio mwingine: kitu kinaonekana, mahitaji yanaulizwa, na bei inakuja nyuma kama jambo ambalo macho ya mnunuzi yamekwisha anza kulikubali.

Mahali penyewe panalazimisha ustadi. Gitaza iko kilomita 30 hivi kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3, pale milima inaposhuka karibu kabisa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 2015 mawe na tope viliporomoka kutoka huko juu vikaifunga barabara. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 za kutoka hapa hadi Rumonge. Kwenye barabara kama hii msafiri hupita mbio. Akisimama, anasimama dakika chache, injini mara nyingine ikiunguruma, na mafuta ya gari yakiwa adimu nchini, magari yenyewe huwa si mengi. Hakuna nafasi ya hotuba.

Lakini mama huyu hakuanza kupatana bei barabarani. Alianza ufukweni, alfajiri, akiwa yeye ndiye mnunuzi. Katamarani, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti na wavu ukishushwa kati yake, huvua usiku kwa taa, na usiku wa giza ndio wenye riziki. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haupati nguvu ya kuwakusanya samaki. Kwa hiyo kabla ya kutoa ofa yoyote, mnunuzi wa ufukweni huangalia mbingu ya jana, huhesabu vyombo vilivyorudi na kutazama mitumbwi inayosogea: uliozama sana umebeba. Akifika barabarani anaijua sakafu yake, ile bei ambayo chini yake ni hasara. Mteja hajui. Pengo hilo la ujuzi ndilo uwanja wa mchezo wote.

Sasa mpatano wenyewe. Baada ya samaki kukaguliwa, swali linalofuata ni la jikoni: "Nyumbani mko wangapi, kaka?" Jibu likiwa "sita", mkono tayari unapanga fungu la watu sita. Mteja aliyekuja kuuliza samaki mmoja sasa anazungumzia chakula cha jioni. Tuseme fungu limetajwa kwa faranga 50,000 naye amejibu 30,000. Muuzaji mchanga hapo hukasirika au hucheka kwa dharau. Hodari hutoa samaki kwenye fungu, mmoja mmoja, taratibu, hadi libaki la bei hiyo, akasema, "Kwa 30,000 wachukue hawa." Hajakataa. Ameilinda bei ya kila samaki, na mteja ndiye anayeomba wale waliotolewa warudishwe.

Kisha anashuka, na hapa ndipo penye utamu. Anapunguza 4,000, halafu 2,000, halafu 1,000. Hatua zinazidi kuwa fupi, na mteja anahisi sakafu iko karibu bila ya kuapiwa. Angeshuka 3,000 mara tatu, mtu angesubiri ya nne. Mwishowe ananyamaza. Kimya hicho kina kazi kubwa kuliko viapo vyote vya sokoni, na wengi wetu hatukiwezi: tukishataja bei tunaanza kuitetea kabla haijashambuliwa. Mkono ukienda mfukoni, ndipo inapotupwa nyongeza, kisamaki kidogo juu ya fungu, ambacho hakikuwa sehemu ya mabishano na kwa hiyo kinapokewa kama hisani.

Roger Fisher na William Ury, katika kitabu chao cha 1981 kuhusu majadiliano, walishauri watu waangalie haja iliyo nyuma ya msimamo, na wajue watafanya nini mapatano yakishindikana. Swali la "mko wangapi" ni haja; na mapatano yakishindikana, mukeke asiyeuzwa leo hukaushwa kwa moshi, akauzwa siku nyingine. Ila nadhani mwanaanthropolojia Clifford Geertz alikaribia zaidi. Aliandika mwaka 1978 kuhusu soko la Sefrou, Moroko, akaonyesha kwamba soko la namna hii ni msako wa habari, na kwamba mnunuzi na muuzaji waliozoeana hupunguziana gharama ya msako huo.

Kwa ndagala, yaani dagaa wa ziwa hili, habari hiyo hukaa kiganjani. Waliokaushwa mchangani hubeba chembe, na meno hayasamehe. Shirika la FAO lilihimiza vichanja vya kukaushia vilivyoinuliwa juu ya ardhi katika pwani hii ya Burundi, na samaki wa vichanja hivyo walipata bei bora. Muuzaji wao humwekea mteja konzi mkononi na kumwambia asugue. Hapo mnunuzi anajishawishi mwenyewe, jambo ambalo hakuna msemaji anayeliweza.

Kuzoeana kunatafutwa hata kwa wapita njia. Anayeelekea kusini asubuhi, kwenda Rumonge au Nyanza-Lac, hana la kufanya na samaki mbichi siku nzima juani, na kumng'ang'aniza ni kumpoteza. Huyo hupewa salamu na swali moja tu: "Unarudi saa ngapi?" Anayekwenda Bujumbura ndiye huonyeshwa shavu jekundu. Na yule wa kusini akijitokeza jioni, gari lake likipunguza mwendo, anakuta fungu lake limekwisha tengwa, nusu saa kabla hajauliza bei.