Kubandua Kabla ya Kuziba

Tone la kwanza nililiona alfajiri, limening'inia kwenye ukingo wa meza chini ya tangi la kioo. Nikalifuta. Nilipomaliza chai lilikuwa limerudi. Ndani ya tangi furu wangu wanne walikuwa wakizunguka mawe yao kama kawaida: dume mwenye mgongo mwekundu na milia myeusi ubavuni, na majike watatu wa rangi ya vumbi, mmoja wao kidevu kimemvimba kwa mayai. Jike wa furu hawa hutunza mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki tatu hivi, na kwa siku hizo zote karibu hagusi chakula.

Niliwanunua ufukweni kwa mvuvi aliyekuwa akiwauza wakiwa hai, wawe chambo cha sangara. Kitaalamu samaki huyu anaitwa Pundamilia nyererei. Watafiti wa Kiholanzi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kumpa jina la Mwalimu Nyerere. Jina la pundamilia, neno letu wenyewe, aliongezewa mwaka 1998. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaja kuongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na spishi zipatazo 200 zinahofiwa kuwa zilipotea. Baadhi ya zile zilizokuwa zikitoweka ziliendelea kuzaana ughaibuni, kwenye matangi ya kioo. Nao waliobaki ziwani wana shida nyingine: jike humchagua dume kwa rangi, na maji yakijaa tope na mwani rangi hazionekani, hivyo spishi zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Ndiyo maana siwezi kuliita tangi pambo la sebuleni. Ni sehemu mojawapo mjini Mwanza ambapo mtoto anaweza kuuona wekundu wa furu kama jike anavyouona.

Kwa hiyo lilipovuja sikutaka kulitupa.

Tangi lenyewe ni la sentimita 90 kwa 30, kimo 40. Likijaa hubeba lita 108, yaani kilo 108, zaidi ya gunia la mahindi. Kioo cha mbele husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 72, kana kwamba mtu mzima amekiegemea mchana na usiku bila kuchoka. Na msukumo huo hutegemea kina tu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini ukizama sentimita 40 ndani yake, maji yanasukuma sawasawa na yanavyosukuma kwenye meza yangu. Kinachoyazuia nyumbani ni ukanda wa silikoni usiozidi unene wa penseli.

Niliwahamisha samaki kwenye ndoo mbili za lita 20, jike mwenye mayai peke yake, kila ndoo na mpira wake wa pampu ya hewa. Kisha nikatafuta tundu, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Maji hayadondoki pale yanapotokea. Hutambaa kwanza kwenye maungio. Tone lilikuwa likianguka kulia. Nilikausha kioo nje, nikachora mstari kwa kalamu usawa wa maji, nikayaacha yavuje yatakavyo. Yaliposhuka hadi sentimita 11 kutoka chini yakasimama. Tundu lilikuwa kwenye kimo hicho, kona ya kushoto.

Nilimwendea fundi vioo wa mtaani nikiwa na wazo la kupaka silikoni juu ya kona ile, basi. Akatikisa kichwa. "Kaka, mpya haishiki juu ya kuukuu. Bandua yote ya ndani, uanze upya." Akanionya pia nisinunue ile ya bafuni yenye dawa ya kuua ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua na samaki, nitafute ya kawaida, inayonuka siki.

Mafundi wa mitumbwi wanalijua jambo hili tangu enzi. Mkalafati hashindilii pamba mpya juu ya iliyooza. Huing'oa kwanza, hata kama mtumbwi ulikuwa uende ziwani usiku huo huo. Anayetazama humwona kama anayeharibu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayostahili sifa kuliko zote, na ndiyo isiyosifiwa kamwe.

Nilitumia mchana mzima na wembe mmoja. Wembe hulazwa karibu bapa kwenye kioo, usukumwe polepole, na silikoni kuukuu hutoka kama utepe. Ile iliyo katikati ya kioo na kioo haiguswi, maana ndiyo inayolishikilia tangi. Halafu kitambaa na spiriti, mara tatu, mpaka kioo kikalia chini ya kidole. Kupaka kwenyewe hakukuchukua hata robo saa: utepe wa karatasi pande zote mbili za kona, mkono usisite njiani, kidole kilicholowa kipite mara moja tu, utepe ubanduliwe kabla silikoni haijashika ngozi.

Baada ya hapo, kusubiri. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kuelekea ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Nilijipa siku saba. Nilipoweka pimamaji juu ya meza nikaona kisa cha yote: nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko wa miamba, sakafu imelala upande mmoja, na tangi lilikuwa likijipinda miaka yote hiyo. Nikainua mguu mmoja wa meza kwa kipande cha ubao, nikatandika sponji nyembamba juu ya meza.

Ilikuwa wiki ndefu. Kila asubuhi nilibadilisha nusu ya maji ya ndoo, kwa maji yaliyolala wazi siku nzima ili klorini iondoke, na kila asubuhi nilimtazama jike yule kidevuni kama mtu anayesoma hali ya mgonjwa. Siku ya saba harufu ya siki ilikuwa imekwisha. Nilitandaza gazeti chini ya meza, nikajaza robo, nikasubiri, nusu, nikasubiri, nikafikisha ule mstari wa kalamu, nikaupita.

Asubuhi ya siku ya nane gazeti lilikuwa kavu. Niliwarudisha samaki, jike wa mayai akiwa wa mwisho, na siku nne baadaye vifaranga wake walikuwa wakiogelea kati ya mawe.