Kothbiro, Mara ya Pili

Kuna rekodi mbili za wimbo wa Kothbiro, na anayetaka kujua msanii hukomaa vipi azisikilize zote, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni ya miaka ya 1970, kazi ya Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi waliopenda roki na waliotaka roki hiyo iseme lugha za nyumbani. Ya pili ilitoka mwaka 1993 katika albamu En Mana Kuoyo. Kijana aliyekuwa kwenye Black Savage akiitwa Job Seda ndiye yule yule aliyeurudia wimbo huo akiwa mtu mzima, kwa jina la Ayub Ogada. Habari ya wimbo haikubadilika: mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Aliyebadilika ni mwimbaji.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, mtoto wa Wajaluo waliokuwa wanamuziki. Akiwa mdogo alikwenda na wazazi wake Marekani, wakakaa Chicago, na huko wazazi wakawa wanawapigia wanafunzi muziki wa kwao. Kwa hiyo muziki wa Ziwa Victoria aliukuta sebuleni kabla ya kuukuta jukwaani. Lakini ujana una mambo yake. Alipokuwa kijana Nairobi alijiunga na wenziwe waliosikiliza magitaa ya Ulaya na Marekani, na baadaye akaingia African Heritage, bendi iliyolelewa kwenye jumba la sanaa la Alan Donovan na Joseph Murumbi, ikichanganya ala za jadi na roki. Watu walicheza, mavazi yalikuwa ya kuvutia, jukwaa lilijaa. Hata sinema ilimwona: yumo katika Out of Africa ya 1985.

Mwaka 1986 alikwenda Uingereza. Hakwenda na bendi, alikwenda na nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, na London alipiga mitaani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, mbele ya watu wanaowahi kazini. Mimi naamini albamu ya 1993 ilianza kutengenezwa pale, miaka mingi kabla ya studio. Mpita njia hana deni kwako. Hajalipa kiingilio, haijui lugha yako, na nyuma yako hakuna mpiga ngoma wa kukufichia kosa. Ukipaza sauti sana anakwepa. Ukiifanya nyatiti ipige porojo nyingi anaona kelele juu ya kelele za treni. Inabidi upate mapigo machache yanayoweza kumsimamisha mtu, uyashike, uyarudie bila kuyachosha. Mwaka 1988 alialikwa kwenye tamasha la WOMAD, na kupitia hapo akafika Real World, kampuni ya muziki ya Peter Gabriel.

Ili kuona alichokifanya lazima tuitazame nyatiti yenyewe kwa karibu. Ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi nane zinazopanda hadi kwenye mti uliokingama juu. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Leo wengi hufunga mshipi wa nailoni, ule ule wa kuvulia samaki unaouzwa madukani kando ya ziwa. Hakuna ufunguo wa kukazia: uzi umezungushwa kwenye mti wa juu, na mpigaji hukaza au kulegeza kwa kuusokota kwa vidole huku akisikiliza. Jua likiwaka ngozi inakaza, unyevu wa ziwa ukipanda inalegea, na sauti inahama nayo. Fundi mzuri husokota, hugusa, husokota tena, na hana aibu kuwafanya wasikilizaji wangoje.

Mpigaji wa jadi hukaa kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa chini. Mikono miwili inagawana nyuzi nane. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma, nayo hugonga ukingo wa nyatiti. Mguuni amefunga njuga. Juu ya yote hayo anaimba. Mtu mmoja, bendi nzima. Magwiji wa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, waliyahamishia kwenye gitaa mapigo ya ala hii; ukimsikiliza D.O. Misiani au George Ramogi, vidole vya mpiga nyatiti vinasikika ndani ya umeme.

Na nyatiti ya jadi ni ala ya watu wengi. Kwenye matanga na karamu mwenyeji hutoa pesa, wimbo unakatizwa, anajisifu au anamsifu rafiki yake na ukoo wake, kisha wimbo unaendelea. Kujisifu huko, pakruok kwa Kijaluo, hakuharibu wimbo, kunaulisha. Mpigaji anayejua kazi yake huziweka nyuzi zikizunguka chini chini mtu akijigamba, kisha hudaka jina la mwisho lililotajwa na kulirudisha katika ubeti. Huo ni ustadi mkubwa, na sipendi unapoitwa burudani ya vijijini.

Ayub Ogada aliuchukua mzunguko ule wa nyuzi na kuutoa kwenye kishindo cha karamu. Katika Kothbiro ya 1993 nyatiti inabeba karibu kila kitu, na inabeba kwa utulivu. Kishindo cha mguu hakitawali. Sauti inaingia kana kwamba mtu anamwita aliye karibu, si umati, na pale maneno yanapokwisha anaendelea kuita bila maneno. Hapo kuna nafasi ambayo bendi ya vijana isingethubutu kuiacha, kwa kuwa kijana akisikia nafasi ndani ya studio huiona ni upungufu na kuijaza. Ogada wa miaka thelathini na kitu aliiacha wazi, akaamini kwamba uzi uliopigwa vizuri una haki ya kufifia wenyewe kabla ya mwingine kuja. Kupunguza hivyo ni kazi ngumu kuliko kuongeza. Ukibakiza mapigo machache, kila moja liko uchi.

Ndiyo maana wimbo huo ulipowekwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005 haukuhitaji kutafsiriwa. Wengi waliulilia ukumbini bila kujua Kijaluo hata neno. Baadaye aliishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, na mwaka 2015 ikatoka Kodhi, kazi yake na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren. Alifariki Nyahera tarehe 1 Februari 2019.

Njia ya kutoka kwenye kishindo hadi kwenye utulivu Ogada hakuipita peke yake. Suzanna Owiyo, binti wa Nyakach, alijulikana nchi nzima kwa Kisumu 100, wimbo wa mji huo kutimiza miaka mia mwaka 2001, wimbo wa sherehe uliopigwa kila mahali. Angeweza kuishi kwa wimbo huo tu. Badala yake akaishika nyatiti, ala aliyoipiga babu yake na ambayo kwa desturi wanawake hawakuigusa, na mwaka 2004 akaimba Oslo kwenye tamasha la tuzo ya Nobel ya Wangari Maathai. Anayemdai kila siku arudie wimbo wa sherehe namwelewa, ila namwomba asikilize pia nyimbo zake zilizokuja baadaye, ambamo sauti ile ile haina haraka.

Mwaka 2018 Kanye West alikata kipande cha Kothbiro na kukitia katika wimbo wake Yikes. Alichukua rekodi ya Black Savage, ile ya ujana, na sikio lake halikukosea: ina mvuto, ina vijana wengi ndani yake, na kipande chake kimoja kinaweza kusimama peke yake. Ile ya 1993 naisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mara nashindwa kuona mahali ambapo mkasi ungeingia. Uzi wa chini unaungoja wa juu, sauti inangoja zote mbili, na ukiondoa pigo moja mpigaji mwenyewe angelijua kwa vidole kabla ya masikio.