Shaba Ipi? Juu ya Majina ya Metali katika Maandishi ya Ufundi

Kasoro ya istilahi ya ufundi haionekani mezani kwa mfasiri, huonekana karakana. Tumchukue mkazi wa Kaole, karibu na Bagamoyo, atakaye kukerezewa vigurudumu viwili vitatu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, kwa kujifurahisha tu wala si kwa biashara. Mchoro wake umefasiriwa kutoka lugha ya kigeni, na penye jina la metali pameandikwa "shaba". Fundi ana haki ya kuuliza: shaba ipi?

Kwa desturi neno hili hubeba vitu vitatu. Ipo shaba yenyewe, iliyo nyekundu. Ipo aloi yake na zinki, yaani mchanganyiko wa metali hizo mbili, ambayo vifundo vyake vimepamba milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Na ipo aloi yake na bati. Shaba tupu ni laini, hunata kwenye kisu cha mashine na kuacha uso wenye mikwaruzo. Aloi ya zinki, hasa ikitiwa risasi kidogo, hukatika kwa chenga fupi, ndiyo maana wakerezaji huipenda. Lakini katika maji ya chumvi zinki yaweza kuliwa polepole, kikabaki chombo chenye umbo lile lile kisicho na nguvu. Aloi ya bati huistahimili bahari zaidi. Mfasiri aliyeandika "shaba" amemwachia fundi uamuzi wote ambao mchoro ulikuwa umekwisha ukata.

Wako waliojaribu kutenganisha kwa rangi. Hatuoni kuwa njia hiyo yatosha, kwani aloi ya zinki huitwa na baadhi yetu shaba nyeupe, na wengine huiita shaba ya manjano. Afadhali kutaja kilichochanganywa: shaba-zinki na shaba-stani. Tunasema stani, jina ambalo limekwisha ingia katika maandishi ya kemia, kwa sababu ukisema bati msikilizaji huona paa. Na bati la paa kwa kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. (Sufuria nayo ilipewa jina lenye asili ya Kiarabu la metali ya jamii ya shaba, na leo ni ya aluminiamu. Hapo hapana madhara: hakuna afuaye chungu kwa kufuata jina lake.)

Hatari zaidi ni "chuma cha pua". Katika kamusi za zamani pua ni chuma kigumu chenye kaboni, kile cha visu na majambia. Madukani leo jina hilo limehamia kwenye chuma kisichoshika kutu, ambacho aina yake ya kawaida ina kromiamu kiasi cha asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Bagamoyo ndipo alipoishi Hukwe Zawose, mpigaji mashuhuri wa ilimba ya Wagogo, aliyefariki mwaka 2003. Ndimi za ala hiyo hutaka chuma chenye kurudi kikipindwa. Chuma cha kaboni hupata ugumu kikipashwa moto na kuzimwa majini, kisha kikapashwa tena kidogo. Aina ile ya kromiamu na nikeli haikomai kwa njia hiyo, hata izimwe mara kumi. Agizo la "tumia chuma cha pua" linaweza basi kumharibia kazi fundi aliye mtiifu kabisa.

Rai yetu ni kwamba madukani hakurudishwi neno kwa amri. Chuma cha pua kiachiwe kile kisichoshika kutu, na chuma cha kaboni kiitwe feleji, neno ambalo pwani inalo tangu zama za panga.

Kuhusu aluminiamu hatuna ugomvi na maana. Uzito wake ni gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, chini kidogo ya theluthi ya shaba, na mvuvi wetu angeweza kuichagua kwa wepesi huo. Ila imeandikwa alumini, aluminiamu na aluminiumu, pengine katika kitabu kimoja. Baraza lichague moja.