Sifa kwa Wasomaji wa Mwanga

Upepo wa mashariki ukivuma, moshi wa volkeno ya Nyiragongo hupita juu ya Sake ukaja kwetu upande wa Kirotshe, na jua la asubuhi hutufikia limepenya humo. Wengi tunaulaani. Wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkeno kule Goma, wanausoma.

Wanaelekeza kifaa angani, kinachambua mwanga wa jua rangi kwa rangi hadi urujuanimno usioonekana kwa macho. Kisha wanatafuta kilichopungua. Gesi ya salfa humeza vipande fulani vya mwanga na kuacha vingine. Ukijua upungufu na kasi ya upepo, unakadiria mlima umetoa tani ngapi za gesi kwa siku. Naiheshimu mno kazi hii ya kumjua mlaji kwa alichokula.

Ufundi huohuo unafika mbali kuliko mlima wowote. Ulimwengu ulipokuwa mchanga, ukungu wa haidrojeni ulitanda kila mahali, na haidrojeni hiyo huzuia hasa mwanga wa Lyman-alfa, wenye wimbi la nanomita 121.6. Mwanga wa galaksi za kale sana ulitarajiwa utufikie ukikosa sehemu hiyo. Lakini mwaka 2025 timu ya mwanafalaki Joris Witstok, ikitumia darubini ya angani ya James Webb, ilitangaza kuuona ukitoka JADES-GS-z13-1, galaksi iliyokuwepo miaka milioni 330 tu baada ya ulimwengu kuanza.

Ulipenyaje? Wanavyoeleza, mionzi mikali ya galaksi yenyewe ilivunja haidrojeni iliyoizunguka, ikajifyekea uwanja. Mwanga unapovuka uwanja huo, anga linatanuka na wimbi linarefuka. Ukifika kwenye ukungu, si tena ule unaozuiliwa, unapita. Galaksi yenye majirani wengi hupata uwanja mpana zaidi, kwa kuwa wote wanafyeka pamoja. Kwa hiyo mwanga unaonaswa na darubini umebeba habari za galaksi na za mtaa wake pia, na fundi hodari hutenganisha hizi na zile.

Walimu wa fizikia wa Kirotshe, ufundi huu hausubiri maabara. Chukueni CD kuukuu, igeuzeni mbele ya mshumaa, kisha mbele ya taa ya neoni. Rangi za mshumaa zimeshikana. Za neoni zimekatikakatika. Waacheni wanafunzi waulize kwa nini.