Makumbi Chini ya Mchanga

Maji yanapokupwa Jambiani, mashariki ya Unguja, mgeni huangalia mbali. Huangalia mwamba ambako mawimbi yanavunjika, ngalawa zilizoachwa mchangani, wanawake walioinama kwenye mashamba ya mwani, watoto wanaookota kome. Karibu na miguu yake kuna marundo ya mawe yaliyopangwa duara, yameota majani ya bahari, wala hana habari nayo. Akiyaona atadhani ni mabaki ya ukuta. Chini ya mawe hayo yamezikwa makumbi ya nazi, na aliyeyazika anajua mwezi alioyazikia na mwezi atakaoyafukua. Hapo ndipo inapoanza kamba ya usumba, na kwa muda mrefu hakuna mkono wa mtu unaoigusa. Inashughulikiwa na maji, kujaa mara mbili na kupwa mara mbili, usiku na mchana.

Kazi hii ni ya wanawake, na nimekuwa nikiitazama kwa heshima inayozidi kila ninapoielewa zaidi. Watu husifu mikono ya msokotaji, na kweli mikono ile inastahili. Lakini nusu ya ustadi wenyewe hufanyika kabla ya kusokota: kujua pa kuzika, kujua siku ya kushuka, kisha kuacha. Fundi wa kuacha ni adimu kuliko fundi wa kushika.

Kuanza na siku. Mtu aliyekulia pwani haulizi ratiba ya maji, huutazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, haipiti siku moja au mbili ila bamvua limeingia: maji hujaa sana na hukupwa sana, na Unguja tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, yanapanda kwa uvivu na kushuka kwa uvivu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, na kwa kuwa bamvua hurudi baada ya wiki mbili, saa zake nazo hurudi pamoja nalo. Kwa hiyo siku za bamvua hapa kwetu maji hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Mwaka huu, mwaka jana, zama za mabibi zetu, ni saa zile zile.

Saa hizo zimeupanga mji mzima. Asubuhi ya bamvua watoto wameshakwenda skuli, chai imeshanywewa, na bahari iko wazi hadi karibu na mwamba. Wanawake hushuka, huyu na chuma cha pweza, yule na kamba za mwani, wa tatu na jembe la makumbi. Maji yakiwa mafu mambo hugeuka. Yanakupwa jioni, tena kidogo, na wanaofaidi ni vijana wa mpira, maana mchanga mgumu unapatikana saa ambayo skuli imekwisha na jua limepoa. Ukiona timu zinavaa jezi ufuoni, mwezi ni nusu.

Sasa mahali. Shimo la makumbi halichimbwi popote. Likiwa juu, karibu na minazi, maji mafu hayalifikii, na makumbi yatakauka kwa siku nyingi mfululizo badala ya kuoza sawasawa. Likiwa chini mno, kuelekea mwamba, mwenyewe ataliona siku za bamvua tu, na mawimbi ya kusi yanaweza kumtangulia kulifukua. Linalotakiwa ni ukanda wa katikati, ambao maji huufunika na kuuacha kila siku, wenye mchanga uliochanganyika na tope kidogo ili shimo lisiporomoke. Ukanda huo hauna alama. Umejulikana kwa miguu, kwa kutembea na mama tangu utotoni. Makumbi hupangwa ndani, hufunikwa mchanga, na juu huwekwa mawe ili yasielee, maana kumbi kwa asili yake ni kitu cha kuelea. Mashimo ya jirani yanafanana kabisa kwa mpita njia, ila hakuna mwenye shimo anayehitaji kuuliza lake liko wapi.

Hata nazi zenyewe zina maneno yake. Kumbi la nazi isiyokauka sana, lililotoka kwenye kifuo karibuni, hutoa usumba mweupe. La nazi iliyokaukia mtini hutoa usumba wa rangi ya udongo, mgumu zaidi mkononi.

Kinachotendeka humo shimoni kinaelezeka. Kumbi ni nyuzi nyingi zilizoshikanishwa na nyama laini na ute unaoganda. Bakteria hula ule ute, lakini nyuzi zenyewe huwashinda kwa muda mrefu kwa sababu zimejaa lignini, ile ile inayoufanya mti uwe mti. Kinachooza, basi, ni kile kisichotakiwa. Maji yanapojaa huleta unyevu mpya, yanapokupwa huondoka na kilichokwisha kuyeyuka. Hii huchukua miezi, nusu mwaka au zaidi, na haina njia ya mkato. Ukifukua mapema, nyama haiachii nyuzi, utapiga hadi mkono ufe ganzi. Ukisahau kupita kiasi, nyuzi nazo huanza kulegea, na kamba yake haiaminiki. Hapo katikati pana dirisha ambalo halijaandikwa mahali popote. Mwenye shimo hutoa kumbi moja pembeni, hulipasua, hulivuta kwa vidole, kisha huamua ama kuendelea kufukua ama kurudisha jiwe.

Siku ya kufukua ina harufu. Ni ya yai viza, nzito, na huganda kwenye kanga hata baada ya kufuliwa. Nimeona wageni wakibadilisha njia. Wenyewe hucheka tu, kwa sababu harufu hiyo ndiyo ishara ya kwamba bahari imefanya sehemu yake.

Kisha ni gongo. Kumbi hulazwa juu ya jiwe, hupigwa, hugeuzwa, hupigwa tena. Mwanzoni sauti ni nzito, ya kitu kilichoshiba maji. Nyama inavyotoka, sauti hupanda na kuwa kavu, na mpigaji hufuata sauti hiyo kuliko anavyofuata macho. Ukimtazama utamwona akiacha kupiga kumbi ambalo kwako bado ni chafu, akaenda kwa jingine, halafu ukiliokota lile la kwanza na kulitikisa, unga wote unaanguka na nyuzi zinabaki mkononi. Kusuuza hufanywa papo hapo kwa maji ya chumvi, na yote haya yana mpaka: maji yanarudi. Kupiga makumbi ufuoni ni kazi ya saa chache, ndiyo maana huwaoni wakipumzika sana. Maongezi yapo, lakini gongo halisimami.

Usumba ukishakauka juani, unakuwa mali ya nyumbani. Sasa haraka imekwisha, na siku za maji mafu, wakati kushuka baharini hakuna faida kubwa, ndizo siku za kusokota kivulini.

Hapa ndipo mikono inapostahili kutazamwa polepole. Uzi mmoja wa usumba ni mfupi, ni nadra kuzidi shubiri na kidogo. Kamba ya pima ishirini haina uzi hata mmoja unaotoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Yote imeshikwa na msuguano. Msokotaji huchukua mafungu mawili madogo ya nyuzi, huyasokota kwa kiganja, yote mawili kwa upande mmoja, halafu huyaachia yaviringane kwa upande wa pili. Kila fungu linataka kufumuka, na huko kutaka kufumuka ndiko kunakolikaza lenzake. Ukiivuta kamba, unaikaza zaidi. Sijui chombo kingine cha nyumbani ambacho nguvu yake imejengwa kwa ugomvi uliopangwa vizuri hivi.

Ugumu uko kwenye kuongeza. Kabla fungu halijapungua, nyuzi mpya huingizwa, chache, zikiwa zimepishana ili miisho yote isikutane mahali pamoja. Kamba hukatikia pembamba, na msokotaji mzuri hana pembamba. Anapima unene kwa ncha za vidole huku macho yake yako kwa mjukuu anayecheza na jogoo au kwa shoga anayemletea habari za arusi. Ukimwuliza anaingiza nyuzi ngapi kila mara, atatazama mikono yake kama vile ya mtu mwingine, kisha atakwambia, "Mwanangu, za kutosha."

Ufundi huu hauna mipaka ya nchi. Msafiri Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliishi baadaye katika visiwa vya Maldives na akaeleza kazi hii hii: makumbi yanalowekwa kwenye mashimo ya ufuoni, yanapigwa, wanawake wanasokota, na kamba zinashona majahazi. Alieleza pia kwa nini majahazi yalishonwa badala ya kupigwa misumari. Chombo kilichoshonwa kikigonga mwamba hulegea kidogo na kujirudi, cha misumari hupasuka. Kabla yake kwa zaidi ya miaka elfu, mwandishi wa Kigiriki wa kitabu cha Periplus alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu. Mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani, wenye tanga la mkeka, ulikuwa mtoto wa ufundi huo, na ulionekana baharini hadi karne ya 20 ilipoanza. Kila tundu la ubao wake lilipitishwa kamba iliyoanzia kwenye shimo la mchanga. Historia hutaja manahodha na masultani. Waliozika makumbi hawatajwi.

Leo jahazi lina misumari, na kamba ya nailoni iko kila duka. Kilimo cha mwani kilipoanza upande huu wa Unguja mwaka 1989, kilikuja na kamba za plastiki, na mwanamke yule yule anayesokota usumba kivulini hufunga mwani wake kwa plastiki. Sioni kinyume hapo. Nailoni ya unene ule ule ina nguvu zaidi, na mwenye shamba anataka kamba itakayodumu. Usumba nao una mambo yake: unakwaruza, kwa hiyo fundo lake halitelezi, unavumilia maji ya chumvi, na kipande kikipotea baharini hakitaacha chembe za plastiki tumboni mwa samaki. Bado unafunga fito za paa, unawamba vitanda, unafunga mbuzi. Kinachonikera ni bei. Kazi ya nusu mwaka shimoni na siku nyingi kivulini huuzwa kwa pesa ambayo mnunuzi haihesabu mara mbili, naye bado anaomba apunguziwe.

Anayetaka kununua kamba asiangalie rangi. Aifumue kidogo mwishoni aone kama nyuzi zimepishana au zimekatika pamoja. Aipitishe yote kati ya kidole gumba na cha shahada, akiwa amefumba macho, atafute uvimbe na upungufu. Aipime kwa pima zake mwenyewe, maana mikono ya watu hailingani. Na akiona ni fupi kwa kazi yake, asitafute ya pili ya kuunganisha. Amwambie msokotaji. Anaweza kufungua fundo la mwisho, akachomeka usumba mpya, na kuendelea pale alipoachia.